Juzuu ya pili mara mbili: uzoefu wangu na muuza vitabu vya majaji wa Marekani

"Uliagiza vitabu vinne, na vitabu vinne umepokea."

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa kwenye simu, kwa sauti ya kunifunza kuhesabu. Na ni kweli, vilivyofika ni vinne. Nimehesabu mimi, akahesabu na mke wangu. Lakini niliagiza wasifu wa Jaji Mkuu John Marshall ulioandikwa na Albert Beveridge, kazi ya juzuu nne, nami nikafungua boksi nikakuta ya kwanza, ya pili, ya pili tena, kisha ya nne.

Mke wangu akachungulia. "Baba Zuhura, hawa wa katikati ni mapacha?" Akacheka peke yake.

Muuzaji simtaji jina. Ni duka dogo la hukuhuku Marekani, mwenyewe na msaidizi wake, kazi yao ni vitabu vya mitumba na vya nadra vinavyohusu majaji na mawakili wa nchi hii, na sehemu kubwa ya rafu yangu hapa Baltimore imetoka kwao. Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa mmoja wa wale wa mtandaoni wanaouza kila kitu, wanaoandika "hali nzuri sana" juu ya kitabu ambacho hata hawajakifunua, ningefyonza nikaendelea na maisha yangu. Huyu anajua vitabu. Sasa mtu anayejua vitabu anafungaje boksi la Marshall bila kuona kuwa ya tatu haimo?

Tena afadhali ingekosekana nyingine yoyote. Beveridge alikuwa seneta wa Indiana, na siasa ilipomtupa akageukia kalamu. Juzuu mbili za mwanzo zikatoka 1916, mbili za mwisho 1919, na 1920 akapewa tuzo ya Pulitzer. Ya kwanza ni ujana wa Virginia na vita vya uhuru, tamu, lakini mtu anaweza kuishi bila yake. Ya pili ni siasa na ubalozi, pamoja na ile safari ya Paris ambako mawakala wa Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, waliwadai wajumbe wa Marekani hongo kabla mazungumzo hayajaanza. Ya nne ni ya uzeeni, na ina kesi ya McCulloch dhidi ya Maryland ya 1819, ambayo mkazi wa Baltimore hawezi kuipuuza maana tawi la Benki ya Marekani ambalo jimbo la Maryland lilitaka kulitoza kodi lilikuwa mji huuhuu. Nyama yote iko katika ya tatu. Humo mna Marbury dhidi ya Madison ya 1803, mahakama iliposema bila kumung'unya kwamba sheria ya Bunge ikigongana na katiba, inayoanguka ni sheria. Humo Jaji Samuel Chase anashtakiwa mbele ya Seneti na kuponea chupuchupu mwaka 1805. Humo Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais, anasimamishwa kizimbani Richmond mwaka 1807 kwa uhaini, Marshall mwenyewe yuko kitini, na samansi inatoka kwenda kwa Rais Jefferson alete barua zilizotakiwa.

Wasifu nilionao mimi unakwenda hivi. Marshall anaapishwa kuwa Jaji Mkuu mwaka 1801, ana miaka 45. Unafunga juzuu, unafungua inayofuata: anarudi Paris, anadaiwa hongo upya, anaapishwa upya. Halafu ghafla ni mwaka 1815 na mzee anabisha hodi kwenye sitini. Kazi iliyomfanya awe Marshall haikufanyika kabisa.

Na kabla hamjaniandikia: najua Beveridge anapatikana bure kwenye intaneti, neno kwa neno. Najua pia kwamba Marshall alimiliki watumwa, na kwamba habari hizo usiende kuzitafuta kwa Beveridge, ambaye alimtukuza mtu wake kupita kiasi. Zimo kwa Paul Finkelman, kitabu cha 2018. Ninacho. Nilitaka vikae rafu moja, vitazamane.

Tuje kwenye simu sasa. Nilipiga asubuhi, na adabu zangu zote za Kimombasa. Nikamsalimu, nikamuuliza hali, nikamsifu hata kwa ufungaji, maana boksi lilifungwa vizuri, hilo nalisema hata nikiwa nimekasirika: kila kitabu kimevingirishwa karatasi yake, kona zimewekewa kadibodi, hakuna ncha iliyobonyea. Kisha nikamwambia juzuu ya tatu haimo. Kimya. Nikasikia makaratasi yakifunuliwa. Ndipo likaja hilo la vitabu vinne. Nikasema, bwana, vinne ndiyo, lakini viwili kati yake ni kimoja. Akaniuliza: "Unafahamu kusoma namba za Kirumi?"

Namba za Kirumi! Mimi nilikuwa karani wa mahakama Mombasa kabla ya kuhamia huku. Sheria tulizorithi kwa Mwingereza zimegawanywa sehemu kwa namba za Kirumi, nimezipanga, nimezinakili, nimezitafutia mawakili waliokuwa hawajui kesi yao imefikia wapi. Nikameza mate. Nikazifungua zote mbili pale mezani nikamsomea kurasa za jina kwa sauti. Juzuu ya pili: mwanasiasa, mwanadiplomasia, kiongozi wa nchi, 1789 hadi 1801. Na hii nyingine, bwana, sikiliza vizuri, juzuu ya pili: mwanasiasa, mwanadiplo... Akanikatiza. Akasema atatazama stoo. Akakata simu, hata kuaga hakuaga.

Ukiziweka bega kwa bega, hizo mbili hata hazifanani. Moja mgongo wake umepauka kwa jua, herufi za dhahabu zimebaki kivuli, na mtu amepiga mistari ya penseli pembeni mwa sura za Paris. Nyingine nguo ya jalada bado inang'aa, na kurasa zake nyingi hazijakatwa. Mnaovijua vitabu vya zamani mtanielewa: karatasi ilikunjwa ikashonwa, na kazi ya kupasua mikunjo kwa kisu ikaachiwa msomaji. Msomaji wa hii hakupasua. Tangu 1916 imekaa rafuni kwa watu ikionekana ya kisomi. Sasa niambie, mtu amezishika zote mbili kwa mikono yake, moja imechakaa na nyingine bikira, anaziona ni seti moja?

Lakini ngoja. Nisipoyasema na haya nitakuwa namdhulumu.

Marshall niliyeanza naye mimi si huyu wa Virginia. Ni Thurgood, mzaliwa wa Baltimore hii mwaka 1908, wakili aliyeshinda mwaka 1954 kesi ya Brown, iliyopiga marufuku kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma, na jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu kuanzia 1967. Mkenya anamkusanya kwa sababu zake. Mwaka 1960, Tom Mboya alimwita awe mshauri wa wajumbe wetu kwenye mkutano wa katiba pale Lancaster House, London, na akatuandikia rasimu ya haki za msingi. Wakili aliyekuwa akipigania haki za weusi waliozidiwa idadi huko kwao akajikuta kwetu anafikiria namna ya kulinda haki za wazungu wachache, na mali zao. Hayo ukiyasoma hulali mapema.

Tatizo la Thurgood kwa mkusanyaji ni kwamba hakuacha kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe. Inabidi umzunguke. Unatafuta Richard Kluger wa 1976 kuhusu kesi ya Brown, Mary Dudziak wa 2008 kuhusu safari yake ya Afrika, Genna Rae McNeil wa 1983 kuhusu Charles Hamilton Houston, aliyemfundisha Thurgood sheria katika Chuo Kikuu cha Howard. Huyo McNeil ndiye kitabu changu cha kwanza kutoka duka hili. Muuzaji aliandika kwamba jaketi, ile karatasi inayofunika jalada, limechanika juu ya mgongo kwa urefu wa ukucha. Kilipofika nikaweka kidole: ukucha uleule. Nani siku hizi anakuelezea kasoro mpaka kwa kipimo cha ukucha?

Kuna na hili. Nilitaka kile cha Catherine Drinker Bowen cha 1944 kuhusu Jaji Holmes wa Mahakama ya Juu, na nilikuwa tayari kulipa bei ya toleo la kwanza. Aliniandikia mwenyewe kunizuia: hiki cha kwangu ni chapa ya klabu ya vitabu, ile ya bei nafuu ya wanachama, nipe bei ya kitabu cha kusoma tu. Akanifunza dalili, jaketi lisilo na bei na kile kijishimo kilichobonyezwa kona ya chini ya jalada la nyuma, nami tangu hapo nimeepuka hasara za watu wengine wengi. Wapo wauzaji watakaokuuzia The Common Law ya Holmes "ya 1881", ikifika ni karatasi nyeupe pe yenye harufu ya mashine, imechapwa juzi baada ya wewe kulipa. Huyu hajawahi kunifanyia hivyo. Kwa hiyo mkiniuliza kama ni mwizi, si mwizi. Ni mjuvi asiye na heshima kwenye simu. Au alikuwa na siku mbaya. Sijui kwa nini namtetea.

Nilikuwa nimefika hapo, nimelainika kabisa, kifurushi kikaja.

Kilichelewa, majuma yalikuwa yamepita na theluji imeshaanza. Kifurushi kimoja, kinene. Nikakata utepe kwa kisu cha jikoni huku nimevaa koti bado. Ndani yake kuna Beveridge, ndiyo. Lakini ni ile chapa ya baadaye ambayo juzuu nne zilifungwa katika vitabu viwili, na alichonitumia ni kitabu cha pili: juzuu ya tatu na ya nne zimeoana ndani ya jalada moja. Juu yake kikaratasi cha mkono: "Juzuu ya tatu, kama ulivyotaka." Hakuna samahani wala jina langu.

Hebu tuhesabu tena, maana inaonekana suala ni hesabu. Ya kwanza ninayo moja. Ya pili ninazo mbili. Ya nne nazo sasa ni mbili. Ya tatu ninayo lakini haitoki, imefungiwa na mwenzake, ndefu kuliko majirani zake, rangi nyingine, nikiiweka rafuni seti nzima inaonekana imevunjwa mguu.

Mama Zuhura akauliza kwani maneno si yaleyale. Ni yaleyale. Na nakiri kwamba usiku ule niliketi na kesi ya Burr mpaka adhana ya alfajiri ikalia kwenye simu. Beveridge anakupeleka Richmond kwenyewe: joto, umati, mawakili wanaotafunana, Marshall akishikilia kwamba katiba inataka mashahidi wawili wa kitendo cha wazi kabla mtu hajaitwa haini, naye anajua fika kwamba rais wake anataka kichwa cha Burr. Burr akaachiliwa. Nilikuwa nimekikumbatia kile kitabu kinene na nimemsamehe muuzaji yote, na namba za Kirumi zake. Nikasema kesho nampa nyota nne.

Kesho yake ikaja barua pepe. Anataka nimrudishie juzuu ya pili ya ziada. Kwa gharama yangu. Na akaongeza kwamba "kwa kawaida" wateja wake huwa wanaangalia boksi siku linapofika.

Boksi niliangalia siku lilipofika! Ndiyo maana nikapiga simu! Nikajibu kwa ufupi kwamba kilichokosewa na yeye kitarudi kwa stempu zake yeye, na kwamba tukishamaliza hilo nitafurahi kuzungumzia juzuu ya tatu ya 1919 ambayo mpaka leo sijaiona. Hajajibu. Na nyie mnaotaka kujua ninunue kwake au nisinunue: kwa kitabu kimoja, nunua, macho yamefumbwa, hutapata maelezo ya kweli zaidi ya yake. Kwa seti, mwambie akupigie picha ya migongo yote imesimama pamoja kabla hujatoa senti. Na kama una damu ya moto kama yangu, usimpigie simu. Nyota ni mbili. Kwa ajili ya McNeil na ule ukucha, tatu. Hapana, mbili.

Juzuu ya pili yenye kurasa zisizokatwa bado ninayo, safi, haina mhuri wa maktaba wala jina la mtu. Mwenye juzuu ya tatu ya 1919 iliyopotezana na wenzake, hata kama mgongo umepauka, tubadilishane. Stempu za kwenda nalipa mimi.