Alamu ya kisasa iliniambia nyumba iko salama, kumbe imekufa tangu usiku (uzoefu wangu)

Mimi si mtu wa kuandika andika haya mambo ya bidhaa lakini hili limenikaa kooni, niacheni nilitoe.

Tulipohamia nyumba mpya mimi ndiye niliyesimamia suala la alamu. Mume wangu alitaka ile ya waya ya kizamani, mimi nikakataa, nikataka ya kisasa inayoongea na simu, maana nafanya kazi zamu za usiku na nyumbani nawaacha watoto na mama yangu mzazi. Nilisoma weee, nikalinganisha, nikauliza watu, mpaka macho yakauma. Nikachagua hii. Fundi wa kampuni yenyewe akaja akafunga, sensa kwenye milango, sensa za mwendo kwenye kona, kile kiboksi kikuu chenye king'ora kikawekwa koridoni, akaniingizia apu kwenye simu, nikasaini karatasi, akaondoka. Haikufika hata saa moja. Nilifurahi, yaani nilijiona nimemaliza kazi.

Sasa mama yangu ana tabia yake, kila usiku kabla ya kulala anasogeza kiti nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi nikamwambia mama, acha hayo, tuna alamu, kiti utajikwaa nacho usiku bure. Akaniuliza, una uhakika mwanangu? Nikamwonyesha simu, ile alama ya kijani, imeandikwa nyumba iko salama. Akakubali. Naomba mkumbuke hapo.

Basi usiku huo, kama wiki ya tatu au ya nne hivi tangu tuhamie, niko kazini, na kila nikipata nafasi nachungulia simu. Kijani. Saa sita kijani, saa tisa kijani, alfajiri natoka kazini bado kijani, nyumba iko salama, alamu imewashwa. Nafika nyumbani nakuta mlango wa jikoni uko wazi. Wazi kabisa, unapigapiga ukuta kwa upepo, na chumba cha watoto kiko hatua kumi kutoka hapo. Miguu iliniisha nguvu. Nikakimbilia chumbani, wamelala, mama kalala, hakuna kilichoibiwa, kitasa tu hakikushika vizuri upepo ukausukuma. Mungu mkubwa. Lakini mlango umefunguka usiku, alamu imewashwa, na king'ora hakijalia hata kidogo!

Kumbe umeme ulikatika usiku ule ukarudi karibu na asubuhi. Nikapiga simu huduma kwa wateja nikitetemeka. Yule kijana aliyepokea, sijui kama ana mama huyu, akaniambia hivi, "Dada, hilo si tatizo la alamu, ni tatizo la umeme wa kwenu." Nikamwambia kaka, kile kiboksi kina betri ya akiba ndani, nyie wenyewe mmeandika, na mwizi ndiyo kwanza anapenda giza. Akasema nizime niwashe. Nikamuuliza sasa kwa nini apu ilikuwa kijani usiku kucha? Akajibu, tena kwa sauti ya kunichoka, kwamba apu huonyesha hali ya mwisho iliyopokelewa. Hali ya mwisho! Yaani kiboksi kilikufa usiku, na simu yangu ikaendelea kunionyesha habari ya kabla hakijafa kana kwamba ni habari ya sasa hivi. Nikamwomba aniunganishe na mkubwa wake, simu ikakatwa.

Nikatafuta fundi mwingine wa nje. Alipofungua kiboksi akaniita nije nione mwenyewe. Betri ya akiba imo, nzima, mpya, ila kiplagi chake hakijachomekwa. Yule wa kwanza alifunika tu akaondoka. Akanieleza vizuri, sensa ya mlango ina betri yake ndogo, ni sumaku na kiswichi, mlango ukiachana na fremu inapiga kelele kwa redio kwenda kwenye kiboksi, kwa hiyo usiku ule sensa ilifanya kazi yake kabisa, ilipiga kelele, ila iliyemwambia alikuwa maiti. Na king'ora chenyewe kiko ndani ya maiti huyo huyo.

Akachomeka. Akaniambia niweke na laini ya simu kwenye kile kitundu chake, maana umeme ukikatika ruta, kile kifaa cha intaneti ya nyumbani, nayo inazima na hata kiboksi kikiwa hai hakina njia ya kukupata. Akanionya nihakikishe ni kiboksi cha 4G, mwaka 2022 Marekani walipozima mitandao ya 3G alamu nyingi za zamani zilibaki hazina mawasiliano mpaka zibadilishwe. Tukazima swichi kuu ya nyumba, tukafungua mlango. Jamani, king'ora kililia watoto wakaziba masikio, na ujumbe ukaingia kwenye simu sekunde chache tu. Hapo nilikaa chini nikalia.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshapanga kuandika kwamba mfumo ni mzuri, mwenye makosa ni fundi. Na kusema ukweli una mazuri, sensa za mwendo hazijawahi kunisumbua na alamu za uongo, labda kwa sababu yule fundi wa pili alizigeuza zisitazame dirisha, anasema zinasoma joto linalosogea na jua likipiga pazia zinachanganyikiwa. Ningetoa nyota tatu, hata nne.

Lakini juzi nikajaribu kitu kimoja kwa makusudi. Nikachomoa kila kitu, umeme, betri, laini, kiboksi kikafa kabisa, nikaweka simu mezani nikaangalia. Kijani. Nusu saa, kijani. Nikapika, nikaosha vyombo, zaidi ya saa nzima, nyumba iko salama. Hakuna ujumbe, hakuna alama nyekundu, hakuna chochote! Hapa hakuna fundi wa kumsingizia, hapa ndivyo walivyoitengeneza wenyewe. Kiboksi kinatakiwa kila baada ya muda mfupi kipige hodi kwenye seva yao, yaani kompyuta kuu ya kampuni, kikinyamaza seva ijue kuna kitu na iniambie. Mifumo mingine inafanya hivyo, si uchawi. Naweza kusamehe kitu kikiharibika, kila kitu huharibika. Ila kunitazama usoni usiku kucha kikaniambia wanangu wako salama wakati hakijui, hapana, hilo siwezi. Nyota moja, na hiyo moja ni ya king'ora.

Wewe unayechagua ya nyumba mpya, achana na picha za kamera na maneno ya matangazo. Fundi akiwa bado yupo ndani, kabla hujasaini, mwambie azime umeme mbele yako, ufungue mlango usikie. Afu chomoa ruta ufungue tena. Afu ua kiboksi kabisa uhesabu dakika ngapi zinapita mpaka simu ikwambie. Akisema ana haraka, asikufungie.

Nimeomba hela yangu irudi, wanasema nisubiri watanipigia. Mama amerudisha kiti chake nyuma ya mlango wa jikoni, na siku nikiwa nyumbani namsogezea mimi mwenyewe.