Farasi wa Usa River: wanyama wazuri, maandalizi ya haraka mno

Kituo hiki cha kupanda farasi kiko nje kidogo ya Arusha, upande wa Usa River, na farasi wake wametunzwa hasa. Mbavu hazihesabiki, kwato zimechongwa, mgongoni hakuna vidonda. Hilo si suala la huruma tu: farasi mwenye kidonda chini ya tandiko akikaliwa hurusha mateke.

Kasoro ni haraka. Mkanda wa tumbo unakazwa mara moja, mgeni anapandishwa, safari inaanza. Farasi wengi hujikaza wakati wa kufungwa. Wakishatembea dakika tano hivi wanalegea, mkanda nao unalegea, na tandiko linaweza kuzunguka hadi ubavuni pamoja na aliyekalia. Mwambie mhudumu asimame akaze tena. Vidole viwili vipite kwa shida kati ya mkanda na mbavu. Ngumi ikipita, shuka.

Halafu vikuku, yaani pete za kukanyagia zinazoning'inia kwenye tandiko. Ni vya chuma vya kawaida, visivyojifyatua, na wageni wengi wanafika na buti zao za Kilimanjaro. Soli yenye meno hunasa. Raba bapa nayo hupenya mguu mzima ukatokea upande wa pili, na ukianguka hivyo unakokotwa. Vaa kiatu chenye kisigino cha sentimita 2 au 3 na soli laini, ukanyagie sehemu pana ya wayo, kisigino kikiwa chini.

Kofia ngumu zipo za kutosha. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, isicheze ukitikisa kichwa. Ya bodaboda iache nyumbani, haikutengenezwa kwa kazi hii.

Baya kuliko yote liko bandani, kabla hata ya kupanda: watoto wanaachwa kukatiza nyuma ya farasi. Farasi haoni kilicho nyuma ya mkia wake, akishtuka hupiga kwanza. Pita mbali, mita 3 au zaidi; pakiwa finyu, pita umemgusa kabisa, mkono kwenye paja lake, ukimsemesha. Kamba ya kumwongozea ikunje kiganjani, usiizungushe mkononi. Kilo 450 zikivuta ghafla, vidole vinaenda nazo.

Njia ya mashambani ni nzuri saa kumi na mbili asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza na upepo haujapeperusha viroba. Nyota tatu kati ya tano. Mwenye mtoto mdogo achukue nusu saa ya uwanjani, farasi akishikwa kamba.