Uzoefu wangu: waranti ilikataliwa kwa kibandiko chekundu, na jinsi nilivyopinga

Nianze na matokeo, ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka chini: simu yangu imewekewa kioo kipya bure, lakini imechukua wiki saba na barua pepe nne. Simu yenyewe naipa nyota nne. Kituo cha huduma nakipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya fundi mmoja tu.

Simu ilikuwa na miezi tisa. Haijawahi kuanguka, ina kava tangu siku ya kwanza, na risiti ninayo. Usiku mmoja niliiacha ifanye sasisho la mfumo, asubuhi nikaikuta na mstari wa kijani, mwembamba kama uzi, umeshuka kutoka juu hadi chini ya kioo. Baada ya siku mbili ukaja wa pili, wa waridi. Wiki haijaisha, upande mzima wa kulia ukaanza kupepesa. Wenye simu za kioo cha AMOLED wanaujua mstari huu. Kwenye vioo hivi kila nukta hujiwakia yenyewe, na nukta hizo hupata amri kupitia nyaya nyembamba mno zilizopangwa kwa safu. Safu moja ikikosa mawasiliano, inabaki imewaka rangi moja kutoka juu hadi chini. Mtu hahitaji kuipigiza simu chini ndipo litokee.

Basi nikaipeleka nikiwa sina wasiwasi wowote. Mapokezi walikuwa wachangamfu, wakaniandikia fomu, wakaniambia siku tatu. Siku ya tatu ukaja ujumbe mfupi: kifaa kimeathiriwa na kimiminika, waranti haihusiki, gharama ya kubadilisha kioo ni hii hapa. Ilikuwa karibu nusu ya bei niliyonunulia simu nzima.

Nilipiga simu palepale, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Nilibishana kama simu iliingia maji au haikuingia. "Dada, kibandiko ni chekundu," yule wa mapokezi akasema. Mimi nikasema haijaingia maji. Yeye akasema kibandiko ni chekundu. Tulizunguka hapo dakika kumi na tano kama watoto. Ubishi wa namna hiyo huwezi kuushinda, kwa sababu unajaribu kuthibitisha kitu ambacho hakikutokea, na mwenzako ana kitu chekundu cha kukuonyesha.

Kwa wasiokijua: ndani ya simu nyingi kuna vibandiko vidogo vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na maji. Kimoja mara nyingi kiko ndani ya tundu la laini. Toa trei, mulika kwa tochi, utakiona. Kibandiko kinasema jambo moja tu, kwamba unyevu ulifika hapo kilipo. Hakisemi lini, hakisemi kiasi gani, na hakisemi kilichoharibika ni nini. Si mimi wa kwanza kulalamika. Mwaka 2013 Apple ilikubali kulipa dola milioni 53 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliokataliwa waranti za iPhone na iPod kwa sababu ya vibandiko hivi. Moja ya hoja za wateja ilikuwa kwamba hata unyevu wa hewani unaweza kukibadilisha rangi.

Sasa niseme ukweli wangu, maana sitaki kujifanya malaika. Simu hii imenyeshewa mvua. Imekaa bafuni ikinipigia muziki mara nyingi tu. Lakini boksi lake limeandikwa IP68, alama ya kustahimili vumbi na maji, na tangazo lililonifanya niinunue lilionyesha simu ikimwagiwa maji. Kile cha 6 ni vumbi. Kile cha 8 maana yake inastahimili kuzamishwa kwa masharti aliyoyaweka mtengenezaji mwenyewe. Chini yake kuna 7, ambayo ni mita 1 kwa dakika 30. Vipimo vyote hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, maabara, simu ikiwa mpya. Kisha kwenye kijitabu cha waranti, kwa herufi za kusomea kwa miwani, wanaandika kwamba madhara ya maji hayahusiki. Yaani sifa wanayoiuzia simu ndiyo hiyohiyo wanayoikana ikiharibika. Serikali nyingine zimeshalikasirikia jambo hili: mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 mwaka 2020, na mwaka 2022 mahakama ya Australia iliiamuru kampuni ya Samsung ya huko kulipa dola milioni 14 za nchi hiyo, kwa matangazo yaliyoonyesha simu ndani ya mabwawa na bahari ilhali tundu la chaji lingeweza kushika kutu.

Niliporudi kuichukua simu, nikapewa fomu nisaini. Ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa: "Mteja amekubaliana na matokeo ya uchunguzi." Kalamu nilishaishika. Nikaurudisha mkono, nikauliza kama lazima. Nikaambiwa bila saini simu haitoki. Nikasaini, lakini juu ya saini nikaandika: nimepokea simu, sikubaliani na matokeo. Wakanitazama kama nimeandika tusi. Nikaipiga picha fomu nzima kabla ya kuirudisha. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo lililonisaidia kuliko hata barua, kwa sababu baadaye walijaribu kuniambia nilikubali.

Nyumbani nikatulia, nikabadilisha swali. Sikuandika tena kwamba haikuingia maji. Niliandika hivi: "Naomba ripoti ya fundi pamoja na picha, na maelezo ni kwa namna gani unyevu uliofika kwenye tundu la laini umesababisha mistari kwenye kioo." Basi. Hakuna matusi, hakuna kutishia kuwaanika mitandaoni. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliandika tarehe ya kuikabidhi simu, namba ya fomu na zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na nikawapa siku 14 za kujibu.

Siku ya kumi na moja ripoti ikaja. Ukurasa mmoja, visanduku vya kuweka alama. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Kutu kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya simu: hapana. Kutu kwenye konekta ya kioo: hapana. Kutu kwenye tundu la chaji: hapana. Alama ya kuanguka au kubondwa: hapana. Kibandiko: chekundu. Fundi wao mwenyewe alikuwa amefungua simu, akatazama, hakuona chochote kilicholiwa na maji. Aliona kibandiko tu.

Barua ya tatu ikawa rahisi kuandika. Niliwarudishia ripoti yao nikiwa nimezungushia duara zile "hapana" nne, nikauliza ni ipi kati ya hizo inayoonyesha maji yameharibu kioo. Safari hii sikuituma kituoni peke yake. Niliituma kwa mtengenezaji na kwa duka lililoniuzia pia.

Duka lilijibu haraka kuliko wote, kwa jibu ambalo nadhani wanalo tayari wanalinakili: waranti ni ya mtengenezaji, sisi tunauza tu. Hapa watu wengi huchoka na kuondoka, nami nusura niondoke. Ila waranti ya mtengenezaji ni ahadi yake ya hiari, anaiwekea masharti apendayo. Kando yake, sheria katika nchi nyingi zinamtaka muuzaji mwenyewe auze kitu kisicho na kasoro, na masharti ya kijitabu cha mtengenezaji hayaifuti haki hiyo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, dhamana ya kisheria ni miaka 2 na anayewajibika ni muuzaji. Kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwemo tangu siku ya kuuziwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Uingereza muda huo wa kumbebesha muuzaji mzigo wa kuthibitisha ni miezi 6. Kwa hiyo kabla hujaandika, tafuta sheria ya mlaji ya mahali ulipo inasema nini juu ya muda na juu ya nani anapaswa kuthibitisha, kisha taja kifungu chenyewe kwenye barua. Ndivyo nilivyofanya kwenye barua ya nne, mistari sita tu, kwa duka. Majibu yalibadilika sauti. Yule aliyekuwa akiniita "mpendwa mteja" akaanza kuniita kwa jina langu.

Siku nne baadaye nikapigiwa, si na mapokezi, na fundi. Yule aliyeandika ripoti. Alisema nipeleke simu, kioo kimeidhinishwa. Nikamuuliza kwa nini mwanzo walikataa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi niliandika nilichokiona. Nikishachagua 'chekundu' kwenye kompyuta, faili linajifunga lenyewe, linatoa bei." Nilimwamini. Nyota yake ndiyo ile. Lakini fikiria maana yake: macho ya fundi, darubini yake, nusu saa yake ya kufungua na kufunga, vyote havikuhesabika mbele ya kidoti cha karatasi.

Mambo mengine niyapitie upesi. Walitaka kuifomati, yaani kufuta kila kitu kilichomo, kabla hata ya kuigusa. Fanya bakapu kabla hujaipeleka, na toa laini na memori kadi. Piga video ya kasoro simu ikiwa bado inawaka, pamoja na pande zote nne za simu, maana ikirudi na mkwaruzo utaambiwa uliipeleka nao. Usimpe fundi wa nje aifungue kwanza. Mimi watu watatu walinishauri nimpe, na kama ningewasikiliza, kituo kingekuwa na sababu ya pili ya kunikatalia, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Na maongezi ya simu yote nilikuwa nayafuatilizia barua pepe fupi: leo tumeongea, umeniambia hivi na hivi. Hakuna aliyewahi kukanusha.

Malalamiko yangu yaliyobaki ni mawili. Hakuna aliyesema samahani. Hata neno hilo moja. Na kioo kipya wamekipa waranti ya siku 90 tu, jambo ambalo bado tunaandikiana, maana siamini kwamba kutengenezewa kasoro yao kunapunguza muda niliokuwa nao.

Kioo chenyewe ni kizuri, rangi zimetulia, hakuna mstari. Nilipoenda kuichukua nilitoa trei ya laini palepale kaunta na kumulika ndani. Kibandiko bado ni chekundu, hawakukibadilisha. Nikamwomba yule dada wa mapokezi aandike kwenye fomu kwamba kibandiko kilikuwa chekundu kabla ya matengenezo haya, na kwamba simu ilitengenezwa chini ya waranti ikiwa hivyo hivyo. Alienda nyuma kuuliza, akakaa kama dakika tano. Akarudi, akaandika, akagonga muhuri.