Geji ya kompresheni ya hozi: uzoefu wangu na Subaru za turbo hapa Dodoma

Seti hii ya kupima kompresheni, yaani presha ambayo silinda inaweza kubana, naipa nyota nne kati ya tano. Ni ya Kichina ya kawaida: geji ya PSI (kipimo cha presha) 0 hadi 300, hozi ya mpira ya kama sentimita 40, na adapta (vipande vya kufungia hozi kwenye tundu la plagi) za milimita 10, 12, 14 na 18. Bei yake haifiki ya plagi nne za iridiamu halisi.

Kwa Impreza ya EJ20 (injini ya Subaru ya lita 2) usinunue ile ya koni la mpira inayoshikiliwa kwa mkono. Silinda za EJ zimelala, plagi zinatazama chesisi, na tundu la plagi limezama ndani. Koni hulibani sawasawa, upepo unavuja pembeni, geji inasoma 90, na mwenye gari anaambiwa atafute injini nyingine. Hozi inapinda na kuingia. Plagi zenyewe zinafunguliwa kwa soketi ya 16, adapta ni ya milimita 14, na chukua ile yenye thredi ndefu ya milimita 19.

Nyota niliyoikata ni ya adapta. Ukifungua hozi baada ya kupima, adapta hubaki ndani ya hedi, chini kabisa ambako vidole havifiki. Dawa yake: kaza adapta kwenye hozi kwa spana kabla ya kuingiza, halafu ingiza yote kwa kuzungusha hozi kwa mkono tu. Oringi ndiyo inayoziba, spana haihitajiki pale.

Angalia pia valvu ndogo inayozuia upepo usirudi, iliyo kwenye ncha ya hozi, upande wa plagi. Ikifa, watu huchomoa sindano ya valvu ya tairi na kuiweka. Inaingia vizuri kabisa, ila springi yake ni ngumu, kwa hiyo geji itasoma chini kwenye silinda zote. Seti nyingine valvu yao iko juu karibu na geji, hizo ziache dukani. Hozi ya sentimita 40 yenye tundu la milimita 6 inabeba sentimita za ujazo 11 hivi, na chemba (nafasi inayobaki pistoni ikifika juu) ya EJ20 yenye kompresheni ya 8 kwa 1 ina kama 71 tu. Hapo utakuwa umeiongezea injini chemba, halafu uilaumu kwamba haina nguvu.

Kupima kwenyewe: washa injini ipate joto, kata umeme wa pampu ya petroli na uache injini izime yenyewe, kisha iache ipoe kidogo ili usiharibu thredi za alumini. Kulia toa boksi la filta ya hewa. Kushoto betri na tangi la maji ya waipa. Kabla ya kugusa plagi, puliza matundu kwa kompresa. Vumbi letu hili la Dodoma limejaa mle, na punje moja ikikaa chini ya valvu ya injini itakupa silinda mbovu ambayo haipo. Chomoa soketi za koili, toa plagi zote nne. Rudisha betri, na iwe imejaa chaji. Msaidizi akanyage mafuta mpaka mwisho. Throto ikifungwa injini haina cha kubana. Piga stata mpaka mshale uruke mara sita au saba, silinda zote idadi ileile.

Andika mruko wa kwanza na namba ya mwisho. Silinda isiyo na ubovu inaruka zaidi ya nusu ya namba ya mwisho kwa pigo la kwanza. Ikianza chini na kupanda polepole, fikiria ringi (pete za pistoni). Ikianza chini na kubaki chini, fikiria valvu.

Sasa namba. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake iko chini kwa takriban asilimia 12 kuliko ya pwani. Injini inayosoma 150 Dar es Salaam itasoma kama 131 hapa, na Singida itashuka zaidi, bila ugonjwa wowote. Fundi anayeshika namba ya kitabu bila kukumbuka mwinuko atafungua injini isiyo na ubovu wowote. (Kitabu cha Kijapani kikiandika kilo 10 kwa sentimita ya mraba, hiyo ni PSI 142.) Mimi natazama tofauti: 132, 130, 133 na 128 ni injini ya kuendelea nayo. 132, 130, 133 na 92 kwenye namba 4 ni tatizo, na kwa EJ ya turbo wa kwanza kushukiwa ni pistoni iliyokatika ukingo kati ya ringi, hasa kama injini ilikuwa ikigonga kwa ndani kwa petroli hafifu au mchanganyiko mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo). Moja na tatu, zilizo hedi moja, zikishuka pamoja, angalia gasketi kati yao. Zote zikishuka sawa, rudia na betri nyingine, kisha kagua alama za belti ya taimingi.

Kumimina kijiko cha oili kwenye silinda ili kupima tena ni ujanja mzuri kwa Altezza, ambayo silinda zake zimesimama. Kwenye Subaru oili inalala upande wa chini, haizunguki ringi yote, na jibu lake silitegemei. Badala yake fikisha pistoni juu, valvu zote zikiwa zimefungwa, zuia kranki isizunguke, toa kile kivalvu cha hozi, ingiza upepo wa kompresa kidogo kidogo na usikilize. Upepo ukitokea kwenye kijiti cha oili ni ringi au pistoni. Kwenye throto, valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosi, valvu ya kutolea. Mapovu kwenye rejeta, gasketi. Kifaa cha kupima asilimia ya uvujaji hakimo kwenye seti, kinanunuliwa peke yake.

Ukinunua, agiza hapohapo oringi tatu nne za akiba na valvu yenye springi laini.