Studio ya Picha na Vitabu, Moshi: Walivyolitendea Daftari la Vita la Marehemu Baba

Mwezi Mei tulipeleka katika studio moja ndogo hapa Moshi, si mbali na Mnara wa Saa, picha 14 na daftari moja la marehemu baba yetu, ili picha zisafishwe na daftari lichapwe na kujalidiwa kuwa kitabu cha familia. Nyumba nyingi za Kilimanjaro na Arusha zina sanduku la namna hiyo chini ya kitanda, na kumkabidhi mtu baki sanduku hilo si jambo dogo. Ndiyo maana naeleza kwa kirefu tulivyohudumiwa.

Baba alikuwa ofisa wa askari wa miguu katika Jeshi la Wananchi. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yeye alikuwa kapteni na kamanda wa kombania, akaenda mstari wa mbele, akapita Mutukula na Masaka, na hakurudi nyumbani mpaka Kampala ilipokwisha kutekwa Aprili 1979. Daftari alilokuwa nalo ni la jalada gumu la buluu, limevimba kwa unyevu, na kurasa zake nyingi zimeandikwa kwa penseli.

Ukurasa uliotutia hofu ni wa Lukaya, mji wa Uganda ulio kati ya Masaka na Kampala. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya jeshi letu, ambayo sehemu kubwa yake walikuwa mgambo waliofunzwa kwa haraka, ilishambuliwa kwa roketi na majeshi ya Uganda na Libya, ikatawanyika kando ya barabara inayopita kwenye kinamasi. Alfajiri ilijikusanya tena na kushambulia kwa mbele, huku Brigedi ya 208 ikitokea ubavuni. Baba hakuandika habari hizo. Aliandika majina ya askari wa kombania yake walioitika asubuhi ile, moja chini ya jingine, na mbele ya mistari kadhaa akaweka alama fupi ya penseli bila jina. Dada anayechapa maandishi pale studio hakubahatisha hata jina moja. Alinipigia simu mara tatu, akaniita tukae naye chini ya taa tukiwa na kioo cha kukuzia, na pale tuliposhindwa wote wawili aliacha nafasi wazi yenye nukta, akaziweka na zile alama fupi kama zilivyo. Kwa kazi hiyo peke yake ningewalipa tena.

Upande wa picha haukuanza vizuri, na ni haki niseme. Picha tunayoipenda zaidi inamwonyesha baba akiwa na sare rasmi baada ya kurudi, na kwenye kila bega zinaonekana nyota tatu. Nakala ya kwanza tuliyopewa ilikuwa inang'aa kupita kiasi: programu ya kompyuta ilikuwa imemlainisha uso hadi kovu lililo juu ya nyusi ya kushoto likatoweka, ngozi ikawa nyeupe kuliko alivyokuwa, na kwenye bega la kulia nyota ya tatu ilifutwa pamoja na doa la ukungu. Kwa hiyo kapteni alikuwa ameshushwa cheo na kuwa luteni, miaka 12 baada ya kuzikwa. Mama aliitazama kwa muda mrefu akasema, "Huyu simjui." Fundi mkuu aliposikia hakubishana. Aliirudia kazi kwa mkono, sehemu kwa sehemu, akilinganisha na picha nyingine ya mwaka huohuo, na safari hii aliacha hata mkunjo wa shingoni kwa kuwa ulikuwapo. Hatukutozwa nyongeza. Hata hivyo, nashauri kila mteja aseme mapema kwamba hataki sura irembwe.

Jambo jingine lililonifurahisha ni ushauri wao kuhusu nusu ya pili ya daftari. Baada ya vita baba alifundisha maofisa wanafunzi kule Monduli, kisha akastaafu na kurudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, huko Kibosho, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa karatasi aliendelea kuandika katika daftari lilelile: kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi, tarehe za kupulizia dawa, zamu za maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba) na majina ya waliokosa kufika siku ya kuuzibua. Ndugu zangu walitaka kurasa hizo ziondolewe ili kibaki kitabu cha vita. Fundi aliomba tuzisome kwanza. Tulipozisoma tuliona orodha ya zamu za maji imepangwa sawasawa na orodha ya Lukaya, jina chini ya jina, na alama fupi ileile kwa asiyekuwapo. Tulikubali zibaki zote, kwa mpangilio wake.

Kuhusu kitabu chenyewe, kurasa zimeshonwa kwa uzi, si kugandishwa kwa gundi tu, na kinafunguka vizuri mezani bila kukatika mgongo. Herufi ni ndogo mno kwa wazee. Ombeni saizi kubwa tangu mwanzo, maana sisi tulichelewa kuliona hilo na Mama husomewa na wajukuu. Tuliahidiwa wiki 5, ikawa 9, ingawa tulikipata tarehe 23 Julai, siku mbili kabla ya Siku ya Mashujaa tuliyokuwa tumeikusudia. Gharama ya picha zote, uchapaji na nakala 5 ilikuwa shilingi 420,000, nusu ililipwa mwanzoni, na daftari halisi tulirudishiwa likiwa limefungwa katika karatasi kavu.

Nakala moja tulimpelekea mzee mmoja wa Arusha aliyekuwa askari katika kombania hiyo. Aliifungua kwenye Lukaya, akapitisha kidole kwenye majina, na alipofika kwenye nafasi ya pili yenye nukta akalitaja jina. Nimelipeleka studio, na wamesema wataliingiza katika nakala zitakazofuata.