Meza ya kukodi Milimani, Kisumu: huu ni mwaka wangu wa pili

Nianze na mabati, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike. Chumba cha kupigia simu katika nyumba hii ya meza za kukodi kimejengwa uani, kama banda la kuku lililopakwa rangi, na paa lake ni mabati matupu, halina dari. Mimi naweka vitabu vya hesabu vya fundi mmoja wa mabomba huko New Jersey, Marekani. Anafungua ofisi saa tatu asubuhi ya kwao, na kwetu huwa ni saa kumi jioni. Sasa, aliyewahi kuishi Kisumu wakati wa masika anajua saa kumi jioni huleta nini. Joto la mchana kutwa linageuka wingu, wingu linakuwa jeusi, na mvua inashuka kwa hasira. Aprili bosi aliniuliza katikati ya simu kama nyumba inabomoka.

Jina la mahali sitaji. Mwenyewe ni mtu mzuri, na kuhusu hiyo dari bado tunavutana naye. Ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja upande wa Milimani. Watu wa boda wanaiita “kwa vijana wa kompyuta”, ingawa mmoja wetu ni mzee mstaafu.

Kabla ya hapa nilifanyia kazi nyumbani miaka miwili, chumba kimoja Migosi. Kitanda, meza na jiko la gesi, vyote naviona bila kugeuza shingo. Intaneti haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba ukionekana nyumbani mchana, mtaa mzima unajua huna kazi. Jirani wa mlango wa tatu alikuwa akiniachia mtoto “dakika mbili tu, auntie”, mara tatu kwa wiki. Mama yangu kule Ugunja alimuuliza ndugu yangu chinichini kama nilifutwa, na kama hizo pesa ninazomtumia ni za halali. Tena sikuwa na saa ya kutoka kazini. Nilikula huku naandika, nikalala na kompyuta ubavuni, siku tatu zikapita sijavaa viatu.

Januari 2024 nikalipa shilingi 7,500 za mwezi wa kwanza. Ongeza boda, 70 mchana na 100 usiku, na chakula cha mchana kwa mama wa kibanda cha ng'ambo ya barabara (omena yake ya nyanya nyingi ni hadithi ya siku nyingine). Hesabu ilikataa, nami ndiye mhasibu. Nikalipa hivyo hivyo. Siku ya pili yule jirani aliniona na begi mgongoni, nimevaa viatu vya kufunga kamba, akauliza, “Auntie, umepata kazi?” Nikamjibu nimepata. Hajaniachia mtoto tena, na kusema kweli yule mtoto nina hamu naye.

Meza ni pana na imara. Viti ni vile vya plastiki vya matanga; nimeleta mto wangu kutoka nyumbani. Chai ni ya bure na ladha yake inasema hivyo. Umeme ukipotea, betri za sola zinashika hata taa haipepesi, na hilo peke yake linaokoa kazi. Laini za intaneti ni mbili, za kampuni mbili tofauti. Nilidhani hiyo ni kinga tosha hadi Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini, laini zote mbili zikaanza kukokota kwa pamoja. Kumbe huku juu kampuni ni mbili, lakini baharini zinapita njia moja. Tangu hapo kila Ijumaa nahifadhi nakala ya vitabu vya wiki kwenye kompyuta yangu, mtandao ukilala mimi naendelea.

Lakini kinachonifanya nione pesa yangu haipotei ni wenzangu wa meza ndefu. Yuko kijana anayeandika maneno ya chini ya video, yuko yule mzee anayetafsiri, na yuko dada anayejibu malalamiko ya wageni wa hoteli za Ulaya. Huyu dada ndiye aliyeniuliza, tukinywa hiyo chai, kama nalipa SHA, ile bima ya afya ya serikali. Nikatazama kikombe. Mwajiri aliye ng'ambo hakukati chochote: si kodi, si SHA, si NSSF ya akiba ya uzeeni. Miaka miwili nilikuwa nikijiona nina mshahara mnono, kumbe ndani yake mlikuwa na pesa za wenyewe. Akanikalisha chini: ritani za kodi kwa KRA kabla ya Juni 30 kuisha, SHA asilimia 2.75 ya mapato na isipungue shilingi 300 kwa mwezi, NSSF ujichangie kwa hiari. Mimi niliyesomea hesabu nafundishwa na mtu wa hoteli!

Na asubuhi nimezipata. Kazi ikianza jioni, Migosi asubuhi ilikuwa ya kulala na kufua. Hapa saa mbili hadi saa sita chumba kiko kimya, nami nasomea CPA, cheti cha uhasibu. Desemba nafanya mtihani wake wa KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu. Fundi wa mabomba ni mtu mwema, lakini siku akifunga duka lake, atakayejua kwamba nilimwekea vitabu vizuri ni yeye tu. Nataka karatasi inayosomeka hata Nakuru.

Kasoro nyingine ni geti, linafungwa saa tatu usiku. Wiki hii Marekani wamerudisha saa nyuma, kama kawaida yao Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo hadi Jumapili ya pili ya Machi bosi wangu anaanza saa kumi na moja jioni yetu. Nilijaribu kumweleza soja. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Madam, mimi naenda na saa ya hapa.” Tumekubaliana na mwenye nyumba kwamba sisi watano wa usiku tuchange 300 kila mmoja kwa mwezi, geti likae hadi saa tano. Imefanya kazi siku nne mpaka sasa.

Kama kazi yako ni ya kuandika au hesabu, lipa mwezi mzima, maana kwa siku ni 500 na utaumia. Mtu wa simu kutwa asije kabla dari haijawekwa. Mimi nimeshalipa ya Januari. Mwezi huo baridi ya New Jersey hugandisha maji, mabomba yanapasuka, na ankara zinanifikia kwa mafungu. Theluji sijawahi kuiona, naijua kwa ankara. Bahati nzuri Januari huku ni kiangazi. Kwa sasa, mvua ikianza, toka kwenye mabati uingie chini ya ngazi. Ndiko sote tunakopigia simu, kwa zamu, na mzee ana haki ya kwanza.