TAHADHARI: Bastola ya chuma na vifaa vyake vyote kwa dola 250, "inaletwa mlangoni"

Ndugu zetu mnaoishi Marekani, mnaotafuta bastola kubwa ya chuma ya kubeba kila siku chini ya nguo, jihadharini na tangazo la namna hii: CZ 75 B au 1911 (aina mbili za bastola) mpya, pamoja na ala, mkanda na magazini 3 za risasi, vyote kwa dola 250, mzigo mpaka nyumbani, bila makaratasi. Huyo ni tapeli. Msimtumie hata senti.

Anajifichua kwenye neno "nyumbani". Kwa sheria ya silaha ya mwaka 1968, bastola unayonunua kutoka jimbo jingine hupelekwa kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, yaani FFL, aliye katika jimbo unaloishi. Hapo ndipo unapojaza fomu 4473, ya serikali ya kununulia silaha, rekodi zako zinakaguliwa, kisha unakabidhiwa. Kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni lazima uwe umetimiza miaka 21. Watu wawili wa jimbo moja huweza kuuziana bila duka katika baadhi ya majimbo, lakini California na Colorado, kwa mfano, hata hilo hupitia kwa mwenye leseni.

Mlioko kwa viza ya masomo au ya matembezi, hili linawahusu zaidi: kwa kawaida hamruhusiwi kabisa kumiliki silaha, ila kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Anayewaambia karatasi hazihitajiki anawasukuma kwenye kosa la shirikisho. Wenye green card hawamo katika katazo hilo.

Malipo atataka kwa Zelle, Cash App au kadi za zawadi, kwa sababu pesa ikishatoka hairudi kirahisi. Siku ya pili anadai "bima ya mzigo", akiahidi kuirudisha. Ukilipa hiyo, inakuja "ada ya kibali". Haiishi mpaka ukatae.

Akikutumia picha ya leseni, usitulie. Picha za leseni za maduka halisi huibwa. Ingia kwenye FFL eZ Check, ukurasa wa mtandaoni wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, weka tarakimu 3 za mwanzo na 5 za mwisho za namba ya leseni, usome jina na anwani. Kisha lipigie duka hilo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Mwombe pia picha mpya: slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma) ikiwa wazi, na kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo.

Muulize na mambo ya silaha yenyewe. Anayekuuzia Beretta 92FS kama "chuma tupu" haijui au anakudanganya, maana fremu yake ni aloi ya aluminiamu. CZ 75 B ina wenzo wa usalama. Yenye wenzo wa kushusha nyundo ni CZ 75 BD. Ukiwa dukani, kabla ya kujaza fomu, gusisha sumaku kwenye fremu: aluminiamu haishikwi. Una haki ya kuikataa.

Wapo wanaoleta vifaa kweli, na hao ndio wa kuogopwa zaidi. Bastola hizi zikijazwa risasi hufika kilo 1 na robo hivi. Mkanda laini wa suruali hupinda, kitako kinachomoza kwenye shati. Tafuta mkanda mgumu wa upana wa milimita 38, na kibanio cha ala kiushike upana huo huo. Ala ya nailoni ya "kutosha bastola zote" ikataeni moja kwa moja: mdomo wake hujikunja, na ukirudisha bastola kitambaa huingia kwenye kifyatuo na kukivuta. Risasi hiyo huishia pajani au kwenye kinena. Kwa 1911, inayobebwa nyundo ikiwa imevutwa na usalama umefungwa, ala isiyo ya umbo lake huweza kuusukuma usalama ukafunguka. 1911 yenye reli chini ya mtutu nayo haiingii kwenye ala ya isiyo na reli.

Ipime hivi. Toa magazini, hakikisha chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) ni tupu, tia bastola kwenye ala, igeuze juu chini kitandani: isidondoke. Bonyeza ala kwa nje penye kifyatuo: kusisogee kitu. Magazini tupu ikiwa ndani, vuta slaidi nyuma kabisa uiachie. Lazima ibaki wazi. Isipobaki, magazini hiyo si ya kuitegemea. Mara nyingi springi ni dhaifu au kisukuma risasi hakilingani.

Kama umeshatuma pesa, ipigie benki sasa hivi, usifute ujumbe wowote, halafu ripoti ic3.gov na reportfraud.ftc.gov. Ukiwa umempa nakala ya kitambulisho chako, zuia pia taarifa zako za mkopo kwa Equifax, Experian na TransUnion. Kuzuia ni bure.